Mwaka Nilipomjazia Mzee Mkude Fomu ya Utayari

Binti yangu wa mwisho, Upendo, anafanya kazi kwenye ofisi ya rasilimali watu ya kampuni moja hapa mjini. Wiki mbili zilizopita aliniletea karatasi nne zilizobanwa kwa pini. "Mama, hebu nisaidie Kiswahili chake, bosi anasema hakieleweki." Nikavaa miwani. Juu kulikuwa na maneno yaliyokolezwa wino: utayari wa wafanyakazi kupokea taratibu za kiutumishi zilizo rafiki kwa mazingira. Chini yake maswali, na mbele ya kila swali visanduku vitano, kuanzia "sikubaliani kabisa" mpaka "nakubaliana kabisa". Nilifika swali la sita nikavua miwani nikaitupa mezani, mtoto wa watu akashtuka. "Mama, kuna nini tena?" Nikasema kichwa kinaniuma. Mwongo mimi, kichwa kilikuwa kizima kabisa. Nikamuuliza: "Mfagiaji wa kampuni yenu, yule asiyejua kusoma, nani atakaa naye amjazie hii?" Akasema kuna vijana wa chuo waliokuja mafunzo kwa vitendo, watamsomea, watamjazia. Watamjazia! Nikamwambia aondoe karatasi zake machoni pangu. Alinuna, akaondoka bila kunywa chai. Ana haki ya kununa, kwa sababu hakuna kitu nilichowahi kumweleza.

Siku tatu baadaye Jayantibhai akanipigia simu. Jayantibhai alikuwa mtunza stoo wetu zamani hizo. Sasa ni mzee wa ghorofa ya tatu kule Upanga, hashuki ngazi bila kushikwa mkono, lakini habari za watu wa karakana zote anazo yeye. "Rehema," akasema, "Mkude amefariki. Wanazika leo alasiri." Nikajitanda mtandio nikaenda msibani kwao, mtaa wa Gerezani, nikaingia uani walikokaa wanawake, nikatafuta pa kukaa kwenye mkeka. Mbele yangu alikaa Asha, mjukuu wa marehemu. Ana miaka thelathini na kitu sasa. Shangazi yake alikuwa anamlisha wali kwa mkono, anamfuta midomo kwa ncha ya kanga, na yeye anamtabasamia kila mtu anayeingia. Hasemi. Mama mmoja pembeni yangu akaninong'oneza: "Masikini, alizaliwa hivyohivyo." Nilitaka nimgeukie nimwambie we mama, usiseme usilolijua, mtoto huyu alizaliwa mzima kama wako, nimemsikia kwa masikio yangu akimwita babu yake. Nikanyamaza. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, kunyamaza, na mwaka ninaotaka kuusimulia ndio mwaka nilioanza kujifunza.

Wanaoukumbuka wakati ule wanajua. Tulikuwa tumepanga foleni za sabuni na sukari miaka na miaka, halafu biashara zikafunguliwa, Kariakoo ikafurika: redio, viatu, mitumba, manukato ya kila rangi, watu wanamwaga bidhaa mpaka katikati ya barabara. Huku sisi tunashangilia, huku mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na neno lililotutia tumbo joto lilikuwa "kupunguzwa". Leo unaamka mfanyakazi, kesho unauza karanga Mnazi Mmoja na ovaroli yako ya zamani umeigeuza tambara la kufutia meza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani wa utumishi, bado niko kwenye muda wa majaribio, katika karakana moja ya betri Gerezani. Zililetwa betri chakavu za magari, zinavunjwa, risasi iliyomo ndani inayeyushwa na kutengenezewa betri mpya. Siyo risasi ya bunduki ninayoisema. Ni yale madini mazito ya kijivu, na vumbi lake ni sumu. Karakana ilikuwa imeshapata wenyewe wapya, sisi tukiwaita "wanunuzi", watu waliokuja mara moja kwa mwezi wakiwa wamevaa viatu vyeupe, nami kila wakija nilijiuliza kama nitauona mwezi unaofuata.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa plaiwudi. Upande wa ndani alikaa Bwana Shayo, Afisa Utumishi. Upande wa nje nilikaa mimi na taipureta, kabati la mafaili lisilofungika, na feni ya darini iliyozunguka inapojisikia. Plaiwudi ile haikuzuia kitu. Bwana Shayo akikunja gazeti nasikia, akipiga miayo nasikia, akiongea kwenye simu nasikia kama naongea mimi. Nisitie chumvi: hakuwa mkatili. Ndugu zake kutoka Kilimanjaro walikuwa na maduka ya jumla Kariakoo, angeweza kwenda kuketi dukani akanenepa, lakini yeye alipenda ofisi, alipenda mafaili, alipenda shati jeupe lililopigwa pasi. Kila Jumatatu mkewe alimfungia mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwenye chupa ya chai, na kifuniko cha kwanza alinimiminia mimi. "Kunywa, Rehema, umekonda kama fito." Ndiyo maana nilichelewa kumchukia. Ningekuwa nimeanza mapema ningepata nguvu.

Saa saba tulikula kwenye kibanda nyuma ya stoo. Ugali, maharage, mchicha siku za neema. Jayantibhai hakula chakula cha kibanda. Alikuja na chombo chake cha bati chenye ngazi tatu, chapati juu, dengu katikati, achari ya ndimu chini, na kila siku alinikatia nusu chapati bila kuniuliza kama nataka. Watu wa tanuru, yaani wale walioyeyusha risasi, walikuwa na haki yao wasiyopewa wengine: nusu lita ya maziwa kila asubuhi. Tuliamini sote, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa geti, kwamba maziwa yanaosha sumu kifuani. Hakuna aliyeuliza habari ya glovu, hakuna aliyeuliza kitambaa cha kuziba pua. Maziwa yakichelewa robo saa ndipo utasikia karakana nzima inawaka moto. Na baada ya kuyapigania hivyo, hawakuyanywa! Wenye watoto waliyatia kwenye chupa ya soda, wakaziba kwa gunzi, wakayapeleka nyumbani. Mzee Mkude alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkuu wa tanuru, mfupi, mabega mapana, msemaji wa pole pole. Hakujua kusoma, ila ukimpa kipande cha risasi kiganjani anakutajia uzito wake. Mjukuu wake Asha ndiyo kwanza anatambaa, mama yake amefariki kwenye uzazi, na maziwa yale yalikuwa yake.

Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba cha kufulia. Madobi wawili, matanki mawili ya saruji, sabuni ya mche. Jioni watu wa tanuru waliingia mle, wanavua ovaroli, wanaziacha, wanaoga, wanatoka na nguo zao za nyumbani. Maji yake yaliingia kwenye mfereji wetu, na mfereji ulikwenda mto Msimbazi. Naukumbuka mfereji ule. Ulikuwa na rangi isiyo na jina, na kingo zake hazikuota hata jani. Kwa hiyo wanunuzi waliposema mfereji usafishwe, walisema kweli, na mimi nilikuwa wa kwanza kufurahi. Bwana Shayo akapelekwa semina ya wiki mbili, akarudi na begi jipya na maneno mapya: utumishi unaolinda mazingira. Aliyatamka vizuri sana, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu. Akanifundisha na mimi, nikayapiga chapa kwenye karatasi kubwa, nikayabandika getini.

Mkutano ulifanyika bandani, watu wamekaa juu ya betri chakavu. Bwana Shayo akapanda kwenye kreti. Akasema dunia inabadilika. Akasema mfanyakazi wa sasa si wa kusukumwa, ni wa kuwa tayari. Karatasi zitumike pande zote mbili, taa zizimwe mchana, na kuanzia mwezi ujao chumba cha kufulia kitafungwa ili yale maji machafu yasiende mtoni; kila mtu atafua ovaroli yake nyumbani kwake. "Mko tayari?" Na hapa nikikutana na mtu akaniambia wanunuzi walituburuza, namcheka. Ni sisi wenyewe. Tulikuwa tumezoea mikutano ya miaka yote ile. Mtu akipanda juu ya kreti akauliza mko tayari, jibu lilikuwa moja, na lilitoka kabla swali halijaisha. "Tayariii!" Banda likatetemeka. Tena wengi walifurahi kwelikweli. Ovaroli ya bluu yenye nembo kifuani, wakati jirani zako wote wamepunguzwa, ilikuwa heshima. Utaivaa njiani, utapita nayo sokoni, muuza mchicha atakuita bosi. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Baba mkwe sasa ataniona mtu." Mpaka leo nikimkumbuka yule napandwa na hasira, wala simkasirikii yeye.

Kesho yake asubuhi nikasikia simu kwa Bwana Shayo. Alikuwa anaongea na mtu wa wanunuzi. "Ndiyo mzee. Hapana mzee, kupiga makofi hakutoshi, naelewa. Fomu, kila mtu na yake. Tayari, hayuko tayari. Sawa kabisa. Na wale ambao hawako tayari ndio tutaanza nao kupunguza, maana hao hawaendani na kampuni mpya. Ndiyo mzee, nimekuelewa." Kisha akaniita, akanipa kazi kwa uso mkunjufu. Niandae fomu. Wanaojua kuandika wajaze wenyewe. Wasiojua niwasomee, niwaulize, niwawekee alama, watie dole gumba. Fomu yenyewe ilikuwa nusu karatasi, kwa kuwa tunalinda mazingira. Visanduku viwili. Mahali pa mtu kueleza kwa nini, hapakuwapo.

Nilimpata Mzee Mkude kibandani, amemaliza kula, anasukutua. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, leo umekuja na wino, unatuhesabu?" Tukacheka. Nikamsomea. Uko tayari kufua sare yako nyumbani ili kulinda mto na mazingira yetu? Akanitazama, akasema bila kuinua sauti: "Mimi siko tayari. Andika." Nikadhani hakunielewa, nikarudia. Akasema amenielewa tangu mwanzo. "Mwaka juzi nilibeba sanduku la betri kuukuu, nikaliosha, nikaliweka uani kuku wanywee maji. Nilikuwa na kuku saba. Wakaanza kuzungukazunguka kama wamelewa, wakafa wote, mmoja mmoja. Vumbi lililowaua liko kwenye ovaroli hii. Na nyumbani nina mtoto anatambaa, kila anachokiokota anakitia mdomoni. Mto nauonea huruma, lakini uchafu wetu tuumalizie hapahapa. Andika siko tayari, na hayo ya kuku andika."

Nilishika kalamu. Kichwani nilisikia sauti ya Bwana Shayo nyuma ya plaiwudi: ndio tutaanza nao kupunguza. Nikaona mzee wa watu, hajui kusoma, mjukuu hana mama, anasukumwa nje ya geti kwa sababu ya kuku. Nikasema moyoni, Rehema, mwokoe. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha tayari. Halafu nikamshika kidole gumba, nikakigandamiza kwenye kidau cha wino, nikakigandamiza kwenye karatasi. Ngozi yake ilikuwa ngumu, na kwenye mistari ya kidole kulikuwa na weusi ambao haukuwa wa wino. "Umeandika na ya kuku?" akaniuliza. Nikasema, "Nimeandika, baba."

Nimeishi na huruma ile zaidi ya miaka thelathini, na nakwambia haikuwa huruma. Ilikuwa dharau. Nilimwona mzee hajui kusoma nikadhani hajui kufikiri. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kuliko semina nzima ya Bwana Shayo, alijua kwa kuku wake mwenyewe, akaniambia kwa maneno machache yanayoeleweka, na mimi msichana wa kidato cha nne nikaona nimjulie lililo jema. Watu huniambia, ulikuwa mdogo, uliogopa. Kuogopa niliogopa. Ila mkono ulioandika haukutetemeka hata kidogo, na hilo mimi mwenyewe ndiye shahidi.

Mwezi ulipogeuka chumba cha kufulia kikapigwa kufuli, madobi wakaondoka na vikapu vyao. Mzee Mkude akaja dirishani kwangu na ovaroli ameikunja kwapani. "Mwanangu, mimi si nilikataa?" Nikamjibu, jamani, nikamjibu haraka hivi kana kwamba nilikuwa nimeshajiandaa: "Wengi wamekubali, baba." Akatikisa kichwa pole pole. Kwa watu wa umri wake hilo lilikuwa neno kubwa. Mkutano ukishaamua, aliyekataa hufuata. "Wengi wakikubali, basi," akasema, akaenda zake. Alilipokea jibu langu kwa heshima kubwa kuliko nilivyolitoa.

Sikukuu ya Idi alinialika kwake. Chumba kimoja, pazia katikati, kitanda cha chuma, picha ya Makka ukutani, na uani kamba ya nguo ya wapangaji wote. Dada yake alipika pilau, akanipakulia sahani imefurika, ananihimiza, "Kula mwanangu, usinitie aibu." Ovaroli ilikuwa mwisho kabisa wa kamba, mbali na nguo nyingine, mzee alikuwa anajitahidi. Anaifua mwenyewe, mbali na kisima, kwenye beseni lake. Lakini chumba ni kimoja, jamani, ua ni mmoja, atakwenda wapi? Asha alikuwa ameanza kusimama dede. Akashikilia mguu wa ovaroli uliokuwa unaning'inia, akauvuta kwake, akautia mdomoni. Mzee aliruka kutoka kwenye mkeka kama kijana. Alimkwapua, akamsafisha mdomo kwa vidole, na mtoto akacheka akamwita, "Babu! Babu!" Wote tukacheka. Mimi pia nilicheka, kijiko kikiwa mkononi. Pilau ile ilikuwa nzuri mno, sijapata kula nyingine ya kuifikia.

Miezi miwili au mitatu baadaye Mzee Mkude akaanza kuchelewa kazini. Mtoto anatapika. Mtoto tumbo limefunga. Mtoto analia akishikwa. Wakampeleka zahanati wakapewa dawa ya minyoo. Halafu yakaja degedege, siku moja mara tatu, wakamkimbiza hospitali kubwa, na huko akapatikana daktari aliyeuliza swali la maana: nyumbani kuna mtu anafanya kazi ya betri? Mtoto alilazwa wiki tano. Nilikwenda kumwona mara moja, na uji kwenye chupa. Alikuwa amekaa kitandani, macho yako wazi, mzee anamwita, "Asha. Asha mama. Niite." Mtoto anatazama feni. Tulikaa saa nzima, na kila baada ya muda mzee anamwambia tena, niite. Nikaaga nikatoka.

Mzee Mkude akaomba kikao. Tulikaa ofisini kwa Bwana Shayo watu wanne: yeye, mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi, Mzee Mkude, na mimi wa kuandika muhtasari. Mzee alisema alichotaka, na hakikuwa kirefu. "Sikuja kuomba fidia. Nataka mambo mawili. Chumba cha kufulia kifunguliwe, maana watoto hawaishi kwangu peke yangu, tanuru ina watu kumi na wanane. Na iandikwe kwamba mimi nilikataa." Bwana Shayo akavuta faili, akatoa fomu, akaigeuza kumwelekea, kana kwamba mzee angeisoma. "Mzee wangu, pole sana kwa mtoto. Lakini hapa umesema uko tayari. Dole hili si lako?" "Dole langu. Nilisema siko tayari." "Fomu inasema tayari." "Fomu haikuniuliza, aliniuliza huyu binti." Wote wakanitazama. Feni ya upande wangu nikaisikia inazunguka. Bwana Shayo akasema kwa upole, "Tena mzee wangu, si wewe uliyekuwa unabeba maziwa ya kazini nyumbani kinyume cha taratibu? Pengine mtoto aliipata sumu huko." Mimi niliinamisha kichwa nikaandika kwenye muhtasari: "Ndugu Mkude anadai kuwa hakukubali." Anadai! Naapa, nimeandika barua maelfu katika maisha yangu, hakuna neno ninalotamani kulifuta kama hilo.

Alinisubiri nje, karibu na tanki la maji. Nilijua atanilaani na nilikuwa tayari kulaaniwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, siku ile mimi nilisema nini?" Nikasema, "Ulisema hauko tayari, baba. Na ukasema habari za kuku." Akasema, "Alhamdulillah. Nilishaanza kudhani akili zimenihama." Hapo nikalia, nikamwambia yote, simu niliyoisikia, kupunguzwa, kisanduku. Nikamwambia nilimwogopea. "Ungeniuliza," akasema. Basi. Kisha akaniambia Jumatano saa tatu ana miadi kwa Afisa Kazi wa serikali, mjini, Jayantibhai amemsaidia kuandika barua. "Utakuja uyaseme haya mbele yake?" Nikamwambia, "Nitakuja." "Usinidanganye, Rehema." "Wallahi nitakuja, baba."

Jumanne jioni Bwana Shayo aliniita ndani. Mezani kulikuwa na barua ya kunithibitisha kazini, imeshasainiwa, muhuri umeshagongwa. Cheo kimepanda, karani mwandamizi. "Hongera, Rehema. Wanunuzi wameona kazi yako ya fomu, wamefurahi mno. Tunategemea busara zako." Mengine hakuyasema. Hakunikataza kwenda, hakunitisha, hakutaja Jumatano wala Mkude, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba sina hata kitisho cha kujitetea nacho. Nilikwenda na barua yangu chumbani kwangu Mtaa wa Sikukuu, nikaisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa. Nikaiweka chini ya godoro.

Asubuhi ya Jumatano Jayantibhai alisimama mlangoni, amevaa koti. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. "Tunaenda?" Nikasema, "Tangulia, namalizia barua hii, nakufuata nyuma." Akakubali, akaondoka. Kwa Afisa Kazi ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Nikaingiza karatasi kwenye taipureta. Saa tatu ikafika. Nikaingiza nyingine. Bwana Shayo upande wa pili alikuwa anasoma gazeti, nasikia kurasa zinageuka, akaenda nje, akakaa huko karibu saa nzima. Mlango wangu ulikuwa wazi. Mlinzi wa geti hakuwa na habari nami.

Jayantibhai alirudi saa nane, chombo chake cha chakula hakijafunguliwa. Hakukaa. Alinieleza akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya stoo. Afisa Kazi aliwasikiliza vizuri. Akasema habari hii ya mtoto ni nzito, lakini kuna fomu yenye dole, na hapa anahitaji mtu wa kuipinga. Akamuuliza mzee, shahidi wako yuko wapi. Mzee akasema anakuja. Wakasubiri. Kila mlango ulipofunguliwa mzee aligeuka. Saa tano Afisa akasema ana watu wengine nje, inabidi afunge jalada, na mzee akainuka kwenye kiti akamwomba kwa mikono miwili: "Bwana mkubwa, mvumilie kidogo. Namfahamu, ni binti mkweli. Lazima kuna mtu kamzuia."

Hakuna aliyenizuia.